Kaka Elibariki na Faini ya Yowe

Kaka yangu Elibariki si mtu wa kuandikwa habari zake. Analima maharage na viazi huko Chome, ana migomba yake na mbuzi wachache, na kanisani hukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Ukiwauliza watu wa kitongoji chetu yeye ni nani, hawataanza na shamba. Watakuambia ni yule wa kuitika yowe.

Kwetu milimani nyumba zimeachana. Kati ya mlango wako na wa jirani kuna korongo, halafu migomba, halafu mlima tena, na ukungu ukishuka huoni hata moshi wa jikoni kwake. Kwa hiyo mtu akipatwa na jambo hupiga yowe, na kila mwenye miguu hutoka. Huulizi ni nani wala ni dhehebu gani. Asiyetoka bila sababu hutozwa faini, na anayepiga yowe wakati hana shida hutozwa ileile. Zamani ilikuwa mbuzi na dengelua, ile pombe ya miwa. Wazee wa kanisa wakaondoa dengelua wakaweka uji. Mbuzi wakamwacha.

Elibariki hajawahi kutozwa mbuzi. Tangu kijana, nyuma ya mlango wake kuna kamba, panga na tochi, na mabuti yamekaa yakitazama nje. Ndiye aliyemtoa mtoto wa Sifael ndani ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, akiwa bado na povu la sabuni kichwani, kwa maana yowe lilimkuta bafuni. Siku moja mama mmoja alipiga yowe kwa kuona nyoka ndani ya kapu. Kaka akafika wa kwanza, akapiga panga, na nyoka akawa mkanda wa mumewe. Watu walimcheka mwaka mzima. "Elibariki anaitika hata yowe la kuku," walisema. Yeye alijibu, "Kuku naye akivamiwa na mwewe anataka mtu."

Mkewe alikuwa Asteria. Kwangu alikuwa wifi, na zaidi ya wifi, kwa sababu mimi nimeolewa chini Kileo, na kila nilipopanda nyumbani alikuwa yeye wa kunipokea mzigo. Masika ya mwaka jana, nikiwa nyumbani kwao, presha ilimpanda ghafla. Barabara ilikuwa imekatika. Siku hiyo aliyepiga yowe alikuwa kaka yangu mwenyewe, na wakatoka wote. Sisemi wengi, nasema wote. Walimbeba kwa machela, wakapokezana kwenye utelezi, akina mama wakitangulia kukata majani ya kuweka chini. Tukafika pale barabara ilipokatika, tukasimama kungoja gari litokee upande wa pili. Gari lilipotokea, wifi yangu alikuwa amekwisha kwenda kwa Bwana.

Mimi ni mtu wa maombi. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Nilisema hivyo kaburini na bado nasema, ila siku hizi nasema nimekaa chini.

Mume wangu aliniruhusu nikae Chome mpaka kaka apate nguvu. Hakupata. Alilima, alikata majani ya mbuzi, alikula nilichompa akiacha nusu. Akiulizwa habari alijibu nzuri, na hakuna aliyemwamini. Kisha alfajiri moja ya mvua, zizi la jirani yetu Paschal liliporomoka na ukingo, na ng'ombe wake wa maziwa akiwa ndani. Paschal akapiga yowe. Paschal ndiye jirani wa karibu kuliko wote. Niliamka, nikajifunga kanga mbili, nikatoka nikijua kaka yuko mbele yangu kama kawaida.

Hakuwa mbele yangu. Tulichimba matope mpaka jua likatoka, na ng'ombe tukamtoa amekufa. Niliporudi nilimkuta Elibariki amekaa kitandani, amevaa mabuti, tochi iko mkononi inawaka.

"Kaka, hukusikia?"

"Nilisikia."

"Sasa?"

"Nimechoka, Jenifer."

Akazima tochi.

Kikao cha kitongoji hakikumtoza siku hiyo. Mwenyekiti alisema mwenye msiba apewe muda mpaka kaburi lijengwe, halafu asimame mwenyewe mbele ya watu aseme neno na kutoa faini. Asiposimama, basi amejitoa. Kujitoa kwetu si maneno. Maana yake ni kwamba siku yako ikifika hakuna atakayeshika machela. Nilimweleza kaka, akasema amesikia. Yakaja mayowe mengine mawili, moto na mgonjwa. Alikaa ndani. Watu wakaacha kumsalimia, na Paschal alikuwa wa kwanza kuacha.

Hiyo ndiyo hali tuliyoshuka nayo Same kununua saruji na vigae vya kaburi. Muda aliopewa ulikuwa umefika ukingoni. Katika gari la Chome Paschal naye alikuwemo, na magunia yake ya karoti. Alinisalimia mimi. Yeye na kaka walitazama kila mtu dirisha lake mpaka lami.

Watu wa kwetu wakishuka Same hulala gesti ya Mzee Chande, kwa sababu asubuhi gari la kupanda linaondokea pale mlangoni. Tulipofika tulikuta uani nyuma ya gesti vijana wanafunga nyaya na kupanga spika kubwa kama makabati. Mmoja wao alikuwa Rodrick, mdogo wake Asteria. Rodrick alianza kupiga dramu kwenye kwaya yetu ya vijana mpaka mchungaji akamwomba apunguze, naye akapunguza kwa kuhamia mjini. Siku hizi yumo kwenye bendi inayoitwa Vumbi la Mkomazi. Wanapiga roki.

"Shikamoo shemeji," alimwambia kaka. "Leo hulali. Nimekuwekea kiti."

"Marahaba. Nina saruji ya kulinda."

"Saruji haina miguu. Dada Jenifer, mwambie."

"Mwanangu, mimi nimwambie aende kwenye ngoma, na kaburi la dada yako halijajengwa?"

Rodrick akainama, akachezea vijiti vyake. "Dada Asteria ndiye aliyeninunulia vijiti vya kwanza," alisema. "Wala hakumwambia mtu."

Hilo sikulijua. Kaka naye, nilimwona usoni, hakulijua. Akaenda akanawa miguu, akarudi na shati la kusafiria, akakaa kwenye kiti.

Watu walianza kujaa baada ya magharibi. Walikuja vijana wenye fulana nyeusi, madereva wa malori waliolaza magari barabarani, Wamaasai wawili wameshika simu juu kurekodi, na bibi mmoja aliyekuja, alisema, kuangalia nani anamnyima usingizi. Kwenye kona Fadhila, binti wa Mzee Chande, alichoma mishikaki, na moshi wote ulitujia sisi. Mshereheshaji alikuwa Nassoro, ambaye mchana hupaza sauti stendi kuita abiria, na jukwaani hakubadilisha chochote.

"Haya wa Hedaru, wa Makanya, wa milimani! Nani hajawahi kuona roki?"

Mikono ikanyooka. Sikunyoosha wangu, mimi ni mama wa kanisa.

Kisha wakapiga. Niseme kweli, mwanzo nilidhani kitu kimeharibika. Magitaa yalilia kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi. Dramu za Rodrick nilizisikia tumboni kabla ya masikioni. Lakini baada ya wimbo wa pili nikaanza kuona njia ndani ya kelele ile, kama unavyozoea giza la jikoni. Vijana waliruka pamoja wakatua pamoja, na vumbi likapanda mpaka kwenye taa. Wale Wamaasai waliruka juu kuliko wote bila kukunja magoti, wakashangiliwa. Bibi wa usingizi akaomba kiti karibu zaidi. Mguu wangu ulianza kupiga chini wenyewe, nikauacha. Tangu msiba nilikuwa sijacheka, na nilicheka nilipomwona Mzee Chande, amevaa kofia yake ya swala, akitikisa kichwa huku akijifanya anahesabu kreti za soda.

Kaka alikaa kama alivyokaa kwenye gari. Mikono magotini. Nilimpa mshikaki, akaushika mpaka ukapoa.

"Hupendi?"

"Nasikia," alisema.

Upande wa pili wa jiko la Fadhila nilimwona Paschal, amesimama na chupa ya soda. Aliniinulia chupa. Kaka hakumwona, au alimwona.

Mwimbaji wa bendi ni msichana anaitwa Safia. Mchana anatengeneza simu stendi, mpole, anaongea kwa kunong'ona kama muuguzi. Nilikuwa nimempelekea simu yangu mara moja, nikalazimika kumwomba arudie kila neno. Sasa alikuwa amefunga kilemba chekundu na kuvaa koti la ngozi katika joto lile la Same, akiimba, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya kawaida. Magitaa yakanyamaza ghafla. Rodrick akainua vijiti vyote viwili akavisimamisha hewani. Na Safia akafunga macho, akarudisha kichwa nyuma, akapiga yowe.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Haikuwa ya kuimba. Ilikuwa yenyewe, ile inayovuka korongo.

Kiti cha kaka kilianguka. Nilipogeuka hakuwepo. Nilimwona mgongo tu, akipasua watu kwa mabega, mshikaki bado mkononi, vijana wakimpisha wakishangilia kwa kudhani mzee amepandisha mzuka. Akaruka kamba, akapanda jukwaani, akamshika Safia mabega mawili, akamtazama kichwani mpaka miguuni kutafuta damu.

Safia akafumbua macho. Akamwona mtu mzima wa umri wa baba yake. Na kwa adabu aliyolelewa nayo, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, akasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani anakufa?"

Maneno yakatoka kwenye spika zote. Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Madereva walipigana migongo. Bibi wa usingizi alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Hakuna anayekufa, baba," Safia alisema. "Ni wimbo."

"Wimbo gani? Umepiga yowe."

"Ndiyo wimbo wenyewe."

"Mmevamiwa?"

"Hapana, baba."

"Kuna moto?"

"Labda kwa Fadhila," alidakia Nassoro, na Fadhila akajibu kwa sauti, "Koma, moto wangu uko sawa!"

Kaka akatazama watu. Nadhani ndipo alipoona wanacheka. Nilitaka ardhi inifunike, nikaanza kusogea nikamtoe. Lakini yeye hakushuka. Akasimama wima kama anayesimama kikaoni.

"Binti, wewe wa wapi?"

"Wa hapahapa Same, baba."

"Basi hujui. Kwetu Chome yowe halipigwi bure. Mtu ameacha chakula, mwingine ameacha mtoto, anakuja mbio. Akikuta hakuna shida, aliyepiga anatozwa mbuzi. Na uji wa watu wote."

"Mbuzi!" watu wakapiga makofi. "Atoe mbuzi! Safia, mbuzi!"

Safia naye alikuwa mchezaji. Akapiga goti la heshima. "Baba, nimekosa. Mbuzi saa hizi nitamtoa wapi? Utapokea mishikaki?"

"Ya mbuzi?"

"Ya ng'ombe," alisema Fadhila.

"Usiniingize kwenye kesi zenu," Fadhila aliendelea, "na huo alioushika hajaulipia."

Kicheko tena. Hata kaka mdomo ulimcheza. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa nimeungoja mdomo ule. Na hapo ndipo sauti ikatoka kando ya jiko, nzito, ya mtu asiyecheka.

"Na asiyeitika je?"

Alikuwa Paschal. Watu walidhani ni mzaha unaendelea, wakaitikia, "Eee! Asiyeitika je?"

"Elibariki," Paschal alisema, "waambie. Mtu amepiga yowe, shida anayo, na jirani yuko ndani amekaa. Faini yake ni nini?"

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Safia, katikati yao. Kaka angeweza kushuka. Watu wangeendelea kucheka, bendi ingepiga, na sisi tungepanda asubuhi na saruji yetu, kila mtu dirisha lake, mpaka mwisho wa maisha. Nilimwomba Mungu kwa neno moja, jina lake tu, sikuwa na nguvu ya zaidi.

"Ni ileile," kaka alisema. "Mbuzi. Na asimame mbele ya watu."

"Hawa si watu?" aliuliza Paschal.

Kaka aliwatazama. Wengine walianza kuelewa kwamba hapa kuna jambo, wakanyamaza, na waliokuwa mbele wakawanyamazisha wa nyuma.

"Huyu ni jirani yangu Paschal," alisema. Sauti yake kwenye spika ilikuwa kubwa kuliko yeye. "Zizi lake lilianguka. Aliita. Nilisikia nikakaa. Ndiyo hivyo."

Akamrudishia Safia heshima kwa kichwa, akashuka. Hakuna aliyepiga makofi, na nilishukuru. Safia alitazama nyuma kwa Rodrick asijue la kufanya. Rodrick akaanza kupiga dramu polepole, kwa vijiti vinavyogusa tu, ili watu wapate mahali pa kuangalia.

Kaka alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la Fadhila. Nilimfuata. Wanaume wale wawili walisimama na moshi katikati.

"Ulikuwa umelala?" Paschal aliuliza.

"Sikulala. Nilivaa mabuti. Nikakaa nayo kitandani."

"Kwa nini, Elibariki?"

"Kwa Asteria mlikuja wote," alisema. "Wote. Na bado akafa."

"Najua tulikuja. Nilikuwa mbele, mkono wa kushoto. Bega hili halijapona mpaka leo." Paschal akalishika. "Wewe unadhani sisi wengine tulirudi nyumbani tukalala?"

Kaka alilitazama lile bega.

"Na nikuambie jambo," Paschal aliendelea. "Ng'ombe alikuwa ameshakufa nilipopiga yowe. Nilimwona shingo imevunjika. Nilijua."

"Sasa ulipiga la nini?"

"Wewe ungekaa naye peke yako mle kwenye matope?"

Kaka alitazama mshikaki aliokuwa nao tangu mwanzo, akaung'ata, akatafuna muda mrefu kama mtu anayejifunza.

"Mbuzi ninaye," alisema mwishowe. "Yule mwenye baka jeupe."

"Yule anayepiga watoto pembe? Simtaki."

"Ndiye ninayemtoa."

"Faini hutoi takataka, bwana. Unatoa yule jike mweusi."

"Yule ana mimba."

"Ndiyo maana namtaka."

"Mwizi wewe," kaka alisema, na Fadhila akawasukumia benchi kwa mguu ili wasimzibie wateja.

Wakakaa. Mimi nilibaki nimesimama nyuma yao, kwa sababu nilijua nikikaa sitainuka. Jumapili inayofuata kaka angesimama tena, nyumbani, mbele ya wenye haki ya kumsikia, na mbuzi angekabidhiwa Paschal na uji ungepikwa, na mimi ndiye ningeupika. Na Asteria bado angekuwa pale kwenye migomba chini ya vigae vipya. Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimechoka hata kufurahi sikuweza vizuri, lakini nilifurahi.

Rodrick akaongeza mkono. Magitaa yakaingia moja baada ya jingine, vumbi likapanda tena kwenye taa. Safia akasogea mbele ya jukwaa, akakizungusha kilemba chake, akasema kwa ile sauti yake ya stendi, "Wazee wangu wa Chome, samahani sana, huu nao unalo yowe." Watu wakapiga kelele. Wimbo ukapanda, ukapanda, ukakatika, na msichana akarudisha kichwa nyuma.

Kaka alikuwa ameshainuka nusu. Paschal alimshika shati mgongoni kwa ngumi nzima, bila kugeuza macho jukwaani.

"Kaa, wewe. Huyo anaimba."

Kaka akakaa. Magoti yake hayakutulia, yalipanda na kushuka kama ya mtu anayekimbia, na Paschal hakuachia lile shati mpaka wimbo ulipokwisha. Na nyimbo za roki ni ndefu.